Lugha Mbili au Tatu? Historia ya Lugha za Kufundishia katika Shule za Masisi na Walikale

1.0 Utangulizi

Suala la lugha ya kufundishia limejadiliwa sana na wataalamu wa Kiswahili, hasa kwa kutazama Tanzania, ambako baada ya mwaka 1967 Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi na Kiingereza kikabaki katika sekondari. Mashariki ya Kongo imeandikwa kwa uchache zaidi, ingawa huko nako Kiswahili kimekaa darasani kwa muda mrefu, kikatolewa, kikarudishwa, na hadi leo kinagawana kazi na Kifaransa.

Makala haya yanatazama wilaya mbili za mkoa wa Kivu ya Kaskazini, yaani Masisi na Walikale. Yanafuatilia historia ya lugha za kufundishia katika shule za umma za wilaya hizo, kisha yanauliza ni kwa kipimo gani mpango wa lugha mbili unafaa kutathminiwa na kurekebishwa. Hoja yetu ni kwamba mpango unaoitwa wa lugha mbili, Kiswahili kwanza na Kifaransa baadaye, kwa watoto wengi wa vijiji vya huko ni mpango wa lugha tatu. Mtoto hutoka nyumbani na lugha ambayo shule haiitambui, akakuta Kiswahili kinachodhaniwa kuwa tayari ni chake, na kabla hajakimudu akahamishiwa Kifaransa. Tathmini inayohesabu lugha mbili peke yake humwandika mtoto huyo kuwa ameshindwa Kifaransa, ilhali alipotea hatua moja nyuma.

2.0 Nchi na lugha zake

Mkoa wa Kivu ya Kaskazini uliundwa mwaka 1988, Kivu ya zamani ilipogawanywa kuwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Masisi ni nchi ya milima, mashamba na malisho ya ng'ombe, kaskazini-magharibi ya Ziwa Kivu. Walikale, inayopakana nayo upande wa magharibi, ni nchi ya misitu inayoteremka kuelekea bonde la mto Kongo, na kwa eneo ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za mkoa huo.

Katika Masisi husemwa Kihunde, Kinyarwanda na Kitembo. Katika Walikale husemwa Kinyanga, Kikano na Kikumu, pamoja na lugha za majirani. Zote ni lugha za Kibantu. Katika uainishaji wa Malcolm Guthrie, Kinyanga kimepewa alama ya D43, Kihunde D51 na Kinyarwanda D61. Mpaka huu wa uainishaji haupaswi kutusahaulisha jambo kubwa zaidi: mtoto anayesema lugha yoyote kati ya hizi huja shuleni akiwa na mfumo wa ngeli na upatanisho wa kisarufi ambao ataukuta tena katika Kiswahili. Majina Bahunde, Banyanga na Banyarwanda yenyewe yanaonyesha kiambishi cha wingi ambacho Kiswahili cha Kivu kimekihifadhi katika *batoto* na *batu*. Safari ya kutoka Kinyanga hadi Kiswahili ni fupi kuliko ile ya kutoka Kinyanga hadi Kifaransa. Hata hivyo, ni safari, nayo inahitaji muda na mwalimu.

Wingi wa Kinyarwanda katika Masisi una historia yake. Kabla ya mipaka ya wakoloni kulikuwa na wasemaji wa lugha hiyo katika sehemu kadhaa za Kivu. Lakini kuanzia mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji iliendesha mpango wa kuhamisha familia kutoka Rwanda na kuzileta Masisi, hasa katika nchi ya Gishari, kwa ajili ya kupunguza msongamano wa watu Rwanda na kupata wafanyakazi wa mashamba ya walowezi na migodi. Hadi mpango huo ulipokoma mwaka 1955, zaidi ya watu 80,000 walikuwa wamehamishwa. Kwa miaka kadhaa Gishari ilikuwa na utawala wake wa kichifu, kisha ukafutwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ugomvi wa ardhi na uraia uliotokana na hatua hizo ndio uliofanya lugha ya nyumbani, katika Masisi, iwe jambo zito kuliko lilivyo mahali pengi.

3.0 Lugha shuleni wakati wa ukoloni

Kiswahili kilifika mashariki ya Kongo kabla ya Wabelgiji, kwa misafara ya wafanyabiashara waliotoka pwani na kujenga makao yao Nyangwe na Kasongo. Shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la White Fathers, lilipopanda kutoka Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1880 na baadaye, lilikikuta Kiswahili njiani na kukitumia katika dini na shule. Mkataba wa mwaka 1906 baina ya Dola Huru ya Kongo na Kanisa la Roma uliwapa wamisionari ardhi na nafasi ya kwanza katika elimu, chini ya usimamizi wa dola. Tangu hapo swali la lugha ya darasani likawa, kwa sehemu kubwa, swali la misheni.

Mwaka 1922 Waziri wa Makoloni, Louis Franck, aliunda tume ya kutazama elimu katika Kongo. Mwelekeo wake ulikuwa kutumia lugha za wenyeji katika shule za chini, nao uliingizwa katika kanuni za elimu zilizotolewa mwaka 1929. Lakini neno "lugha ya wenyeji" lilikuwa na maana mbili. Kwa wasomi kama Padre Gustaaf Hulstaert, aliyeshirikiana na Edmond Boelaert kuanzisha jarida la *Aequatoria* mwaka 1937, lugha ya wenyeji ilikuwa lugha ya mama. Kwa watawala na kwa misheni nyingi ilikuwa lugha ya mawasiliano mapana: Kiswahili, Kilingala, Kiluba au Kikongo. Maana hii ya pili ndiyo iliyoshinda katika sehemu kubwa ya mashariki, kwa sababu za matumizi zaidi kuliko za elimu. Kitabu kimoja cha Kiswahili kiliweza kusomwa na Mhunde, Mnyanga na Mkumu, na mwalimu mmoja angeweza kupelekwa popote.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba Kongo haikuwamo katika Kamati ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Usanifishaji ulifanyika ng'ambo ya pili ya ziwa. Katika Kongo wamisionari wengine walifuata Kiswahili cha pwani, na wengine wakaandika kile kilichoitwa Kingwana, kama walivyofanya John na L. F. Whitehead katika kitabu chao cha mafunzo cha mwaka 1928. Kwa hiyo hata Kiswahili cha shule hakikuwa kimoja.

Mageuzi ya mwaka 1948 yaliongeza tofauti nyingine. Baada ya miaka ya kwanza ya shule ya msingi, wanafunzi waligawanywa katika mikondo miwili. Wengi walipelekwa katika mkondo wa kawaida, uliofundishwa kwa lugha za Kiafrika na kuishia kijijini. Wachache walichaguliwa kwa mkondo ulioandaa watoto kwa sekondari, na huko Kifaransa kilipewa nafasi kubwa. Waziri Auguste Buisseret alipoanzisha shule za serikali zisizo za misheni baada ya mwaka 1954, Kifaransa kilizidi kuwa alama ya shule bora. Mzazi wa Masisi aliyeona mikondo hiyo miwili alijifunza somo moja: lugha ya Kiafrika ni ya wanaobaki, na Kifaransa ni cha wanaoondoka. Shaka ya wazazi juu ya Kiswahili darasani, ambayo baadhi ya waandishi huiita kasumba, ilikuwa na msingi katika mpango wenyewe wa shule.

4.0 Kutoka Kifaransa pekee hadi kurudi kwa Kiswahili

Baada ya uhuru, mwaka 1962, serikali iliamua kwamba Kifaransa kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Uamuzi huo ulikusudiwa kuondoa mikondo ya kibaguzi na kuwapa watoto wote mlango mmoja. Nia hiyo ilistahili heshima. Lakini katika vijiji vya Walikale, ambako mtoto hakusikia Kifaransa nje ya darasa na mwalimu mwenyewe alikuwa amekipata kwa miaka michache tu, mlango huo mmoja ulikuwa mwembamba kuliko ile miwili ya zamani.

Katika miaka ya 1970 upepo uligeuka. Mkutano wa wanaisimu wa Zaire uliofanyika Lubumbashi mwaka 1974 ulipendekeza lugha za nchi zirudishwe shuleni, na lugha nne za taifa zikaruhusiwa katika madarasa ya mwanzo. Sheria ya elimu ya Septemba 1986 iliimarisha msimamo huo kwa kutaja lugha za taifa na lugha za mazingira. Katika Kivu, hayo yalimaanisha Kiswahili katika darasa la kwanza na la pili, na Kifaransa kuanzia la tatu.

Hapa yafaa kumtaja msomi wa Kinyanga, Kahombo Mateene. Akiwa kijana alifanya kazi na mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck juu ya utendi wa Mwindo, uliosimuliwa mwaka 1956 na Candi Rureke na kuchapishwa kwa Kinyanga na Kiingereza mwaka 1969. Baadaye Mateene aliongoza Ofisi ya Lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwa Kampala, na kutoka huko alitetea matumizi ya lugha za Kiafrika katika elimu na utawala wa bara zima. Mwaka 1986 Umoja huo ulipitisha Mpango wa Utekelezaji wa Lugha kwa Afrika. Hivyo msemaji wa lugha ya Walikale alikuwa miongoni mwa waliotunga hoja za Afrika nzima, wakati Kinyanga hakikuwa na nafasi iliyopangwa katika darasa la kwanza la Walikale yenyewe.

Sheria ya mwaka 1986 ilikuja wakati mbaya. Shule, zilizochukuliwa na dola mwaka 1974, zilikuwa zimerudishwa katika uendeshaji wa makanisa kwa makubaliano ya Februari 1977, lakini mishahara na vitabu vilibaki juu ya dola iliyokuwa ikidhoofika. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi ndio waliokuwa wakiwalipa walimu. Kiswahili kilisemwa darasani kwa mdomo, ubao ukaandikwa Kifaransa, na mwalimu akatafsiri kadiri alivyoweza. Mpango wa lugha mbili uliishi kwa busara ya mwalimu mmoja mmoja.

5.0 Vita na lugha isiyo na upande

Mwezi Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Maelfu walikufa na watu wengi zaidi walikimbia makwao. Mwaka uliofuata wakimbizi wa Rwanda waliingia Kivu kwa mamia ya maelfu, kisha zikafuata vita vya 1996 na 1998, na makundi ya silaha ambayo hayajaisha. Mwezi Januari 2025 mji wa Masisi uliingia mikononi mwa kundi la M23. Mwezi Machi mwaka huohuo kundi hilo liliteka na mji wa Walikale, likaondoka mwanzoni mwa Aprili.

Katika hali hiyo Kiswahili kilipata kazi ambayo hakuna sheria iliyokipa. Watoto wa Kihunde, Kinyanga, Kitembo na Kinyarwanda walikutana katika kambi na katika shule za miji kama Sake na Goma, wakaelewana kwa Kiswahili. Kwa sehemu ya kizazi hicho Kiswahili kimekuwa lugha ya kwanza. Kwa kuwa hakikuwa lugha ya upande wowote katika ugomvi wa ardhi, mwalimu aliweza kukitumia bila kuulizwa yeye ni wa nani. Pendekezo la kuanza darasa la kwanza kwa lugha ya mama, ambalo UNESCO ililitetea tangu mwaka 1953 na ambalo kwa nadharia ni sahihi, linapofika Masisi hukutana na swali ambalo vitabu vya ualimu havilijibu: katika kijiji chenye Wahunde na Wanyarwanda, ni lugha ya mama yupi?

Hata hivyo, kutokuwa na upande hakumfundishi mtoto kusoma. Mtoto wa kambi ya Goma na mtoto wa kijiji cha ndani ya msitu wa Walikale hawaingii darasani na Kiswahili kimoja. Wa kwanza atasema *batoto beko ku masomo* bila kusita, na kazi ya mwalimu ni kumfikisha kwenye *watoto wako shuleni*. Wa pili anahitaji kwanza kufundishwa kuzungumza Kiswahili. Mtaala huwapa kitabu kimoja na miaka miwili sawasawa.

6.0 Kilichopimwa na ambacho hakikupimwa

Katiba ya mwaka 2006 ilitaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba kuwa lugha za taifa, na sheria ya elimu ya Februari 2014 ikarudia kwamba lugha za taifa au za mazingira zitumike kufundishia. Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza za mpango wa ELAN wa nchi zinazotumia Kifaransa. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa ACCELERE!, uliogharimiwa na Marekani na Uingereza, ulitoa vitabu vya kusomea kwa Kiswahili, Kilingala na Kiluba. Vitabu hivyo vilikuwa hatua ya kweli. Lakini shirika la misaada la Marekani lililochangia gharama hizo lilifungwa mwaka 2025, na mpango unaotegemea mfuko wa nje hauna hakika ya kuwafikia watoto wa darasa linalofuata.

Katika Afrika kuna tathmini mbili zinazotusaidia kufikiri. Ya kwanza ni mradi wa Ife, Nigeria, ulioanza mwaka 1970 chini ya Babs Fafunwa. Kundi moja lilifundishwa kwa Kiyoruba miaka yote 6 ya shule ya msingi, huku Kiingereza kikiwa somo lenye mwalimu wake maalumu. Kundi jingine lilihamia Kiingereza baada ya miaka 3. Kundi la kwanza halikuwa nyuma, hata katika Kiingereza. Ya pili ni upimaji wa PASEC wa mwaka 2014 katika nchi 10. Wanafunzi wa madarasa ya mwanzo wa Burundi, waliopimwa kwa Kirundi, waliongoza kwa mbali, na mwishoni mwa shule ya msingi Warundi waliopimwa kwa Kifaransa walikuwa juu ya wastani.

Mifano hii inathibitisha kwamba lugha inayoeleweka haiui lugha ya pili. Hata hivyo, Ile-Ife ni mji wa Wayoruba, na Burundi ina lugha moja inayosemwa karibu na wote. Kiswahili hakiwezi kuhesabiwa kuwa Kirundi cha Walikale bila kuuliza kwanza ni watoto wangapi wanakielewa siku ya kwanza.

Aidha, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi hufanywa kwa Kifaransa. Mtihani ndio unaomwambia mwalimu nini ni muhimu. Maadamu Kiswahili hakitahiniwi, mwalimu mwenye busara atakiacha mapema iwezekanavyo, na tathmini itakayofuata itaonyesha kwamba mpango wa lugha mbili "haukufaulu", ilhali kwa hakika haukutekelezwa.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na historia hiyo tunapendekeza mambo matano.

Kwanza, tathmini ianzie mlangoni. Kila mtoto wa darasa la kwanza asikilizwe kwa dakika chache ili ijulikane anaelewa Kiswahili kwa kiasi gani. Tunasisitiza kupima uelewa wa Kiswahili, na si kuandika katika daftari lugha ya nyumbani. Katika Masisi orodha ya lugha ni orodha ya makabila, na orodha ya namna hiyo ikiangukia mikono mibaya yaweza kumdhuru mtoto na wazazi wake.

Pili, ambako watoto wengi hawakielewi Kiswahili, mwaka wa kwanza uwe wa mazungumzo, nyimbo na hadithi za Kiswahili, na mwalimu awe huru kufafanua kwa lugha ya kijiji. Masimulizi ya Kinyanga na Kihunde, yakisimuliwa upya kwa Kiswahili, ni hazina iliyo tayari.

Tatu, Kiswahili kiendelee kuwa somo hadi mwisho wa shule ya msingi, na sehemu ya mtihani wa mwisho itungwe kwa Kiswahili. Bila hilo mengine yote yatabaki maneno ya sheria.

Nne, shule za sekondari za ualimu zifundishe namna ya kufundisha kusoma kwa Kiswahili. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019 madarasa yamejaa, na mwalimu wa watoto wengi ambaye hakuandaliwa kwa kazi hiyo atarudia alichofundishwa yeye, yaani kukariri sentensi za Kifaransa kwa pamoja.

Tano, matokeo yafuatwe kwa mtoto, si kwa shule. Katika wilaya ambako kijiji kizima huhama kwa usiku mmoja, wanafunzi wanaopimwa mwishoni mwa mwaka mara nyingi si wale walioanza. Kadi ndogo ya maendeleo ya kusoma, ambayo mtoto anakwenda nayo, itamfaa mwalimu wa kambini na pia mtafiti.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba tangu kanuni za mwaka 1929 hadi sheria ya 2014, Masisi na Walikale hazikukosa maagizo juu ya lugha. Kila agizo lilitungwa mbali na huko na kudhani lugha moja ya Kiafrika mahali penye nyingi. Kiswahili kimetoa huduma kubwa kwa kuwakutanisha watoto ambao wakubwa wao walikuwa wakipigana, na kwa sababu hiyo kinastahili kufundishwa vizuri badala ya kudhaniwa kuwa kinajulikana.

Kazi hii ina sehemu ya vyuo vikuu pia. Kiswahili cha Kivu kimekuwa kikitajwa katika maandishi ya kitaaluma kama upotofu wa Kiswahili sanifu, au kama kielelezo cha lahaja. Kinachohitajika sasa ni maelezo ya utaratibu ya Kiswahili anachokuja nacho mtoto wa Sake, wa Nyabiondo na wa Walikale mjini, ili mwandishi wa kitabu cha darasa la kwanza ajue aanzie wapi. Utafiti huo unaweza kuanza Goma na Bukavu, ambako wengi wa watoto hao wamekimbilia.